Kichwa cha Ziwa: Akili Unde, Ikolojia na Swali la Fahamu ya Dunia Kwenye Ufuo wa Winam

Utangulizi

Ghuba inayoutazama mji wa Kisumu huitwa Winam. Wasemao Kijaluo wanajua kwamba jina hilo lina sehemu mbili: wi, yaani kichwa, na nam, yaani ziwa. Winam basi ni kichwa cha ziwa. Ramani za wakoloni ziliiita ghuba hiyohiyo Kavirondo, na ziwa lenyewe zikalipa jina la malkia wao, Victoria, ilhali kwa Wajaluo ni Nam Lolwe na kwa Waganda ni Nalubaale.

Bila shaka waliobuni jina la Winam hawakudai kwamba ziwa lina ubongo. Walisema kichwa kama sisi tusemavyo mguu wa meza au shingo ya chupa. Hata hivyo, siku hizi wapo wataalamu wanaouliza pasi na mzaha iwapo dunia nzima, pamoja na misitu yake, maziwa yake, hewa yake na sasa mitambo yake yenye kuiga fikra, yaweza kuwa na fahamu iliyo yake yenyewe. Swali hili lilizuka katika mojawapo ya vikao vya chama chetu, baada ya mwenzetu kuwasilisha mada kuhusu tafsiri za kompyuta. Nusu ya ukumbi ulicheka. Nusu nyingine haikucheka, na mjadala ukaendelea hadi mlinzi alipokuja na funguo.

Makala hii inadhamiria kulirejesha swali hilo ufuoni, mahali ambapo linaweza kupimwa kwa vitu vinavyoshikika: gugumaji, mbuta, mvua ya usiku, na lambo lililoko Jinja. Mwandishi si mwanasayansi, ni mwanafunzi wa Kiswahili, kwa hiyo msomaji atanivumilia nikianza na maneno kabla ya mambo.

Maneno na ngeli zake

Istilahi yenyewe haijatulia. Hapa Kenya magazeti mengi hutumia akili bandia. Wengine, nami nikiwamo, hupendelea akili unde. Na kwa jirani zetu wa Tanzania akili mnemba imeenea sana. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Neno bandia hubeba sauti ya hila, kama vile noti bandia au dawa bandia, na anayelitumia huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa. Neno unde latokana na kuunda, nalo hukiri tu kwamba pana aliyeunda. Fundi wa mitumbwi pale Dunga huunda, wala hatuiiti mitumbwi yake ya bandia.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno fahamu. Kiswahili kina akili, fahamu, utambuzi, dhamiri, nafsi na roho, na hakuna hata moja linalolingana sawasawa na lile ambalo wanafalsafa wa Ulaya wanalijadili. Mtu aliyezimia husemwa kwamba amepoteza fahamu, au kwamba fahamu zimemtoka. Katika matumizi hayo fahamu ni kitu ambacho mwili hukiwa nacho kikaondoka kikarudi. Hatusemi kwamba jiwe limepoteza fahamu, kwa kuwa halikuwa nazo.

Sarufi yetu nayo ina la kusema hapa. Ngeli ya A-WA huchukuliwa kuwa ngeli ya viumbe hai, lakini ukitazama kwa makini utaona kwamba si uhai unaoihodhi. Mti ni hai, nao husemwa umekufa, wala si amekufa. Malaika hana nyama wala damu, naye ameshuka. Mzimu, ambao jamii nyingi huamini kuwa unasikia na unakasirika, hubaki kwenye U-I. Na vyombo vyenyewe vya kufahamia, yaani akili, roho na nafsi, vyote vimo katika I-ZI, ngeli moja na meza na nyumba. Kuhusu roboti, waandishi bado wanayumba: huyu anaandika roboti hii, yule roboti huyu. Mayumbo hayo ningeyahesabu kuwa ushahidi, maana wasemaji wa lugha hujadiliana kwa viambishi muda mrefu kabla ya kujadiliana kwa hoja.

Isitoshe, sisi sote husema kwamba gari limekataa kuwaka au kompyuta imekataa kufunguka. Tunaipa mashine utashi wa kukataa lakini tunainyima upatanisho wa mtu. Ndivyo tusemavyo pia kwamba ziwa limechafuka au limekasirika. Kwa hiyo Kiswahili kinaruhusu kiwango cha kati, ambapo kitu hutenda kana kwamba kina nia, bila ya kulazimika kukitambua kama nafsi. Naomba kiwango hiki kikumbukwe.

Dunia inayojirekebisha

Wazo la dunia kama kiumbe kimoja lilivaa vazi la kisayansi kupitia Mwingereza James Lovelock, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi pamoja na shirika la NASA la Marekani katika mipango ya kutafuta dalili za uhai kwenye sayari ya Mihiri. Alitambua kwamba hewa ya dunia yetu ni ya ajabu: gesi zisizoweza kukaa pamoja kwa muda mrefu hukaa pamoja, kwa sababu viumbe huzirejesha kila siku. Akishirikiana na Lynn Margulis, katika miaka ya 1970 alipendekeza kwamba uhai na mazingira yake huunda mfumo mmoja wenye kujirekebisha, nao akauita Gaia. Walipomshutumu kwamba anaipa dunia nia, yeye na Andrew Watson walijibu mwaka wa 1983 kwa mfano wa sayari ya kubuni yenye maua ya aina mbili tu, meupe na meusi. Meusi hufyonza joto, meupe huliakisi, na kwa kushindana kwao joto la sayari hubaki palepale ingawa jua linazidi kuwaka. Hakuna ua linalokusudia lolote.

Kabla yake, Mrusi Vladimir Vernadsky na Mfaransa Teilhard de Chardin walikuwa wamezungumzia tabaka la fikra linaloizingira dunia juu ya tabaka la uhai. Na mwaka wa 2022 Adam Frank, David Grinspoon na Sara Walker walichapisha makala wakipendekeza kwamba akili itazamwe kama jambo linaloweza kutokea kwa kipimo cha sayari nzima. Kwa maoni yao, teknolojia yetu bado haijapevuka, maana inaiathiri dunia bila ya kuitunza. Mengi yameandikwa juu ya hayo. Sisi tushuke ziwani.

Ziwa lisilosahau

Ziwa lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na Kenya imejaliwa asilimia 6 tu. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito kama Nzoia, Yala, Nyando na Kagera huleta salio. Mengi ya maji hayo hurudi angani kwa njia ya mvuke. Mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote, ukakutana katikati ya ziwa na kuzaa radi na dhoruba. Wavuvi wa omena, ambao hutoka na taa katika usiku usio na mbalamwezi, hukutana na dhoruba hizo ana kwa ana. Ziwa na anga, basi, hukopeshana na kulipana kila siku, na huu ni mfumo wa kujirekebisha kama ule wa Lovelock.

Lakini ziwa hilihili ndilo linalotuonya tusiupambe mfumo huo kupita kiasi. Mbuta aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na mamia ya aina za samaki wadogo ambao hawakupatikana popote pengine duniani yakapungua au kutoweka. Ziwa halikumkataa mbuta. Lilijipanga upya kumzunguka. Viwanda vikajengwa Kisumu, minofu ikasafirishwa Ulaya, na watu wa ufuoni wakabakiwa na vichwa na mifupa, iitwayo mgongo wazi, jina ambalo kwangu lina ushairi wa uchungu kuliko mashairi mengi tuliyoyasoma darasani. Kujirekebisha si wema. Mfumo unaweza kutulia mahali ambapo wewe huna nafasi.

Kisha likaja gugumaji. Lilionekana upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka wa 1998 picha za setilaiti zilikadiria kwamba limefunika takribani hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Meli zilikwama bandarini na wavuvi walishindwa kutoka. Fukusi walao gugu hilo walikuwa wameanza kuachiliwa mwaka wa 1997, na baada ya mwaka wa 1999 gugu likapungua kwa kasi. Nani aliliondoa? Watafiti wengine walisema ni fukusi. Wengine walisema ni mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998, pamoja na mawingu yaliyopunguza mwanga, na kwamba fukusi walipewa sifa isiyo yao. Mabishano haya yaliendelea katika majarida ya kisayansi kwa miaka kadhaa.

Msomaji wa fasihi hawezi kukosa kukumbuka hadithi ya Grace Ogot iitwayo The Rain Came. Oganda, binti wa mtemi, anapelekwa ziwani awe kafara ili mvua inyeshe. Mpenzi wake anamwokoa kabla ya kafara kutimia, na bado mvua inanyesha. Ogot haelezi sababu, anaiacha mvua inyeshe tu. Suala la nani aliyeleta mvua na suala la nani aliyeondoa gugu ni ndugu, na yote mawili yanahusu tabia yetu ya kuona nia nyuma ya kila matokeo. Huko Nyakach, mwaka wa 1987, chatu aliyeitwa Omieri alipoungua moto, wenyeji waliohusisha uhai wake na mvua na mavuno walifadhaika. Akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa. Wapo waliowacheka Wanyakach. Mimi naona walikuwa wameshika nusu ya jambo: kwamba hali ya kiumbe mmoja yaweza kuwa habari juu ya hali ya nchi.

Jiwe na mkunjo

Mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote hauko Kenya, ingawa matokeo yake yalifika hadi kwenye magati ya Kisumu. Maji ya ziwa hutokea Jinja, Uganda, na kwa maelfu ya miaka yalipita juu ya mwamba wa maporomoko ya Ripon. Mwamba huo ndio uliokuwa bawabu. Ziwa likipanda, maji mengi zaidi yalivuka, likishuka, machache. Mwaka wa 1954 lambo la Owen Falls lilifunguliwa, na mwamba ukazama. Ili ziwa lisidhurike, wahandisi walitunga kanuni ya hesabu iliyochorwa kama mstari uliopinda, ikaitwa Mkunjo wa Makubaliano: kwa kila kimo cha ziwa, kanuni ilitaja kiasi cha maji ambacho mwamba ungaliachilia, na watu wa lambo wakatakiwa waachilie kiasi hichohicho.

Tafakari, ndugu msomaji, jambo hili. Jiwe lilikuwa likifanya kazi ya udhibiti bila ya kujua. Tukalizamisha, tukaweka mahali pake maandishi yanayoliiga. Kwa maana fulani, hiyo ndiyo akili unde ya kwanza ya ziwa letu, nayo ilikuwa mwigo wa mwamba. Iliiga vizuri. Kasoro yake ilikuwa moja: jiwe halina uwezo wa kuamua kutojitii, lakini karatasi yaweza kuwekwa kando. Baada ya mtambo wa pili, Kiira, kujengwa, na hasa kati ya mwaka wa 2004 na 2006, maji yaliachiliwa kupita kiasi cha mkunjo kwa ajili ya umeme. Ukame nao ulikuwapo. Kufikia mwaka wa 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi kimo kisichoonekana tangu miaka ya 1920, na wachambuzi wa wakati huo walikadiria kwamba karibu nusu ya mshuko huo ilisababishwa na lambo. Fuo za Winam, ambayo ni ghuba ya kina kifupi, zilirudi nyuma, na mahali pa kutia nanga pakawa matope. Mwezi wa Mei 2020 mambo yaligeuka: mvua kubwa zilipandisha ziwa hadi kulifikia tena kimo cha juu cha mwaka wa 1964, na makazi ya ufuoni, Dunga ikiwemo, yakaingiliwa na maji.

Mashine itazamayo kutoka juu

Leo hekta za gugumaji hazihesabiwi tena kwa jicho la mtu. Setilaiti za Ulaya za Sentinel hupita mara kwa mara, moja ikitumia rada inayopenya mawingu, na programu zilizofunzwa kwa mifano mingi hutenganisha gugumaji na maji matupu, mwani na nyasi zielezazo. Utabiri wa dhoruba za ziwani nao umeboreka kutokana na kompyuta. Haya ni manufaa ya kweli, na mwanafunzi wa Kiswahili anayeyabeza kwa sababu hayana vina na mizani hajawahi kumsubiri mzazi aliye majini usiku.

Hata hivyo, mashine huona gugu. Haioni kwa nini gugu linarudi. Sababu imo katika mito inayobeba udongo na mbolea, na katika majitaka ya miji, Kisumu ikiwamo. Ili mashine iseme hayo, lazima mtu aiulize, na kabla ya kuuliza, lazima mtu awe na sababu ya kujali.

Pana pia suala la mashine hizo zinavyoundwa. Mifumo inayozungumza, iliyovuma tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, hujifunza kwa kukisia neno lifuatalo katika maandishi mengi mno. Mwaka wa 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kikatili na ya aibu, ili mfumo ujifunze kuyaepuka. Kile kinachoonekana kama dhamiri ya mashine, basi, kimechongwa kwa macho ya vijana wa Kenya waliosoma yale ambayo wengine hawatayasoma. Tukisema mashine ina staha, tunasahau staha hiyo ni ya nani.

Na kwa kuwa mifumo hujifunza kutokana na yaliyoandikwa, inajua mengi ya Kiingereza, machache ya Kiswahili, na kidogo sana ya Kijaluo. Ujuzi wa mvuvi wa omena juu ya harufu ya maji kabla ya samaki kufa haumo katika maandishi. Fahamu ya dunia itakayoundwa kwa kukusanya maandishi itakuwa fahamu ya walioandika. Hiyo si dunia. Ni sehemu yake yenye wino.

Kivuli cha Luanda Magere

Katika nchi ya Kano, karibu na mto Nyando, husimuliwa habari za Luanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya maadui zake Wanandi ilimgonga ikaanguka. Wakampa binti yao awe mkewe. Siku moja aliugua, akamwagiza mke achanje kivuli chake ili apake dawa, na mke akaona damu ikitoka kivulini. Siri ikafika kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukakipiga kivuli. Magere akafa akawa jiwe, nalo huonyeshwa hadi leo. Kijaluo hukiita kivuli tipo, neno ambalo hugusa pia maana ya roho.

Visomo vingi vya visakale hivi huishia kwenye usaliti wa mke. Mimi naona vina jibu la swali letu. Uhai wa Magere haukuwa ndani ya mwili mgumu. Ulikuwa mahali ambapo mwili, jua na ardhi hukutana. Mwenye kusema kwamba fahamu haimo ndani ya fuvu peke yake, bali huzuka baina ya kiumbe na mahali pake, hajasema jambo jipya kwa Wakano.

Akili unde yafanana sana na kivuli: ina umbo la msemaji, huenda anakoenda, hurefuka kuliko yeye jioni inapokaribia. Lakini kivuli cha Magere kilitoka damu, na hapo ndipo ulinganisho unapovunjika. Mashine ikikosea utabiri wa dhoruba, haizami. Ziwa nalo? Kuna hoja kwamba ziwa hupoteza, maana ushahidi wa matope ya chini unaonyesha kwamba lilikauka kabla ya kujaa tena takribani miaka 15,000 iliyopita, na mwishoni mwa mwaka wa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi ghubani kwa kukosa oksijeni. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyosifiwa. Hata hivyo, ziwa lililokauka halikujua kwamba limekauka. Kwa upande wangu, pasipo na mwenye kupotewa na kujua kwamba amepotewa, nitaendelea kutumia kile kiwango cha kati cha lugha yetu: ziwa limekataa, mashine imekataa, kwa LI na kwa I.

Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba siku moja mashine, setilaiti, ziwa na wavuvi vikiunganishwa kikamilifu, jumla yao itastahili A. Siwezi kuwathibitishia kinyume. Nauliza tu juu ya Mbita. Katika miaka ya 1980 tuta la barabara lilijengwa kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, na mlango mmoja wa maji kati ya Winam na ziwa kuu ukazibwa. Ghuba ikabakia na mlango wa upande wa pili peke yake. Shingo ya kichwa cha ziwa ilikabwa, na ilichukua miongo mitatu hivi kabla ya sehemu ya tuta hilo kuondolewa na daraja kuwekwa ili maji yapite. Katika miaka hiyo yote setilaiti zilikuwa zikipita juu, na picha zilikuwapo.